Mfaransa wa Sparkbrook

Vita vya Vandavasi vilipiganwa mara sitini na tatu katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya Sparkbrook, nyuma kidogo ya Ladypool Road, na mara zote sitini na tatu Wafaransa walishindwa. Jenerali wa Wafaransa alikuwa Mugo, mtu wa Kerugoya, umri miaka hamsini na mmoja, aliyekuja Uingereza kuosha wazee. Nasema kuosha kwa sababu ndivyo alivyojibu mwenyewe akiulizwa kazi yake. Makaratasi ya wakala aliyemwajiri yalikuwa na neno refu zaidi na lenye adabu zaidi, lakini neno hilo halijawahi kushika beseni.

Kabla ya hapo alifundisha historia miaka ishirini na miwili. Kwao, mtu akishakuwa mwalimu basi ni mwalimu. Hata astaafu, hata alewe akalala kando ya barabara, watu watasema mwalimu amelala. Birmingham haikuwa na habari hiyo. Asubuhi alipanda basi kutoka Shard End, alikokodi chumba katika nyumba ya wapangaji watano wasiojuana, akaingia nyumba ya kwanza, akaingia ya pili, akaingia ya tatu, nusu saa hapa, dakika arobaini na tano pale, na simu mfukoni ikimwambia lini aingie na lini atoke. Jioni alirudi, akafunga mlango, akala amesimama dirishani. Wapangaji wenzake aliwatambua kwa vikohozi. Watu hupenda kusema kwamba mtu huzoea upweke. Wanaosema hivyo wana watu nyumbani. Mugo alikuwa na mwaka wa tatu Birmingham na hakuwa amezoea hata kidogo.

Jumanne tu ndiyo ilikuwa na nafuu, kwa sababu Jumanne mchana alikuwa kwa Chhotubhai.

Huyu Chhotubhai alikuwa Mhindi wa miaka themanini na sita, mzaliwa wa Karatina, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa na sukari. Mwaka wa sitini na nane alihamia Birmingham na mke na masanduku mawili, akapata kazi ya kung'arisha vyuma kwenye karakana, akaifanya mpaka vidole vikapinda. Mke alikufa. Mwana wao wa pekee, Kewal, alikuwa Leicester na familia yake, akija Jumapili moja kwa mwezi na vyakula kwenye mikebe. Wahudumu waliomtangulia Mugo walimpasha habari mapema: mzee huyo ni mgumu, hasemi na mtu, humkabidhi mwili wake mhudumu kama anayekabidhi koti la kufuliwa.

Siku ya kwanza Mugo naye alimpata hivyo hivyo. Alimwosha, akamvisha, hakuna neno. Kisha alipopiga magoti kumvalisha soksi, kwa uchovu tu, Kiswahili kikamtoka: "Haya mzee, lete ule mwingine."

Mguu ukasimama hewani.

"Wewe natoka wapi?" mzee akauliza.

"Kerugoya."

"Mimi natoka Karatina." Akamtazama kwa macho yaliyofunikwa na ukungu, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshika yote mawili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyuma ya kaunta, kinachokata maneno viambishi kama mtu anayepogoa mti, lakini kilikuwa chake tangu utotoni na hakukionea haya. "Kabla ya soksi, wewe nafanya kazi gani?"

"Nilikuwa mwalimu, Mzee. Wa historia."

Chhotubhai akainuka na soksi moja, akashika ukuta, akamwongoza mpaka chumba cha mbele, ambako hakuna mhudumu aliyewahi kuingizwa. Hapakuwa na viti humo. Palikuwa na ubao mmoja uliojaza chumba karibu chote, na juu yake uwanda wa rangi ya vumbi, ngome ya kadibodi, bwawa lililozungukwa na tuta la udongo, na vijiaskari mia nane vya madini ya risasi, kila kimoja urefu wa pingili ya kidole. Makoti mekundu upande huu, makoti meupe upande ule.

"Mwalimu," akasema mzee, "hii nini?"

Mugo aliinama, akatazama bendera, akatazama bwawa, na moyo ukamdunda, kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina hilo tangu uwanja wa ndege wa Nairobi. "Hawa ni Waingereza na Wafaransa," akasema polepole. "India ya kusini. Karne ya kumi na nane. Zile kampuni mbili za biashara."

"Vandavasi," mzee akasema. "Januari, elfu moja mia saba na sitini. Keti." Kisha akakumbuka hakuna viti, akacheka.

Mzee hakuwa na shule kubwa, lakini vita hivyo alivijua kama anavyojua mlango wake. Vilimwingia karakanani, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akikusanya vijiaskari na kumsimulia kwamba mitaa ile ya Birmingham ilijaa wafua bunduki enzi hizo. Chhotubhai akaanza kupaka rangi kimoja, akapaka cha pili, ikawa miaka arobaini. Na kilichomshangaza hakikuwa bunduki. "Duka mbili, Mwalimu," alikuwa akisema, akiinua vidole viwili vilivyopinda. "Moja ya London, moja ya Paris. Zote nauza kitambaa, zote nanunua pilipili. Baba yangu pale Karatina alikuwa na adui ng'ambo ya barabara, Patel kama sisi. Wao napigana miaka ishirini. Nafanya nini? Nashusha bei ya sukari. Duka gani naweka mizinga mlangoni?"

Mugo naye alikuwa na la kuongeza, maana alifundisha miaka mingi jinsi Kenya yenyewe ilivyoanza kama mali ya kampuni kabla ya serikali kuichukua. Mzee alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kisha akamwonyesha jambo alilolifanya yeye peke yake. Pande zote mbili, mbele na ubavuni, palikuwa na sipahi, askari wa Kihindi waliopigania Mwingereza na waliopigania Mfaransa. Wote alikuwa amewapaka uso kutoka kopo moja la rangi. Ukifunika makoti kwa kidole, huwezi kujua nani ni wa nani. "Vita vya panzi," Mugo akasema, na mzee akamalizia, "furaha ya kunguru. Lakini hapa, Mwalimu, kunguru ndiye nafanya vita. Panzi nakufa tu."

Basi ikawa desturi. Dakika arobaini na tano za kwanza zilikuwa za wakala: kuosha, kulisha, dawa. Kisha Mugo aliibonyeza simu kusema ametoka. Kutoka hapo mpaka nyumba iliyofuata, iliyokuwa Edgbaston, alikuwa na saa mbili zisizo na malipo, zile ambazo wahudumu wengine huzimaliza kwenye vituo vya basi wakila sandwichi baridi. Mugo alivua aproni, akarudi chumba cha mbele, akawa Mfaransa. Mzee alikuwa Mwingereza siku zote. "Mimi naishi hapa, kodi nalipa hapa," alieleza. "Wewe kamata Mfaransa."

Sheria za mchezo alizitunga mzee. Kila kikosi kinarusha dadu. Ukipata nne kwenda juu umepiga, ukipata chini ya nne risasi zimekwenda kwa Mungu. Na kwa kuwa macho ya mzee hayakuona nukta za dadu, Mugo alizisoma za pande zote mbili.

Hapo ndipo palipoharibika, na paliharibika kwa wema.

Siku ile ya kwanza Wafaransa walianza kushinda. Mugo hakukusudia; dadu zilimpenda tu. Akaona mzee akiikinga ngome kwa viganja. Na huyu Mugo alilelewa na baba aliyecheza drafti kwa vifuniko vya soda kila Jumapili, na katika boma lile hakuna kijana aliyemla mzee king'i yake ya mwisho. Ungeweza kumbana, ungeweza kumtisha, lakini mwisho ulimwachia njia, na mzee akijua akakaa kimya, na wewe ukijua ukakaa kimya, na hiyo ndiyo iliyokuwa adabu. Dadu ikatua sita. Mugo akasema, "Tatu."

Mzee akashinda. Akala sahani nzima ya dengu na wali, jambo ambalo kitabu cha wahudumu hakikuwa nalo kwa miezi. Jioni Mugo akampigia mkewe Brigid, aliyebaki Kerugoya na watoto, akamsimulia, na Brigid akasema hicho ni kitendo cha mtu aliyelelewa. Ikawa hivyo Jumanne iliyofuata na iliyofuata. Sita ikawa tatu, tano ikawa mbili, na mzee akaandika ushindi wake kwenye daftari kwa herufi kubwa za Kigujarati. Alimwonya Mfaransa wake kama mwalimu anayempenda mwanafunzi mzito: "Mwalimu, farasi usiache nyuma. Mwalimu, gari ya baruti usiweke karibu na bwawa, hapo iko mkosi, hapo ndiyo nalipuka siku ile." Mugo aliitikia, akashindwa tena. Hakujisumbua kujifunza, kwa sababu nani anajifunza mchezo ambao kazi yake ni kuupoteza?

Msinielewe vibaya. Alikuwa na furaha. Kati ya Jumanne na Jumanne alipanga mambo ya kumwambia mzee, akisimama kwenye basi na midomo ikitikisika. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo.

Kisha mzee akapasuliwa macho. Jicho la kulia Januari, la kushoto Machi, na kati ya hapo vita vilisimamishwa. Mugo mwenyewe ndiye aliyemdondoshea dawa, na alishangilia kuliko mwana wa kuzaa. Mzee alitembea ndani ya nyumba akigusa vitu. Aliinua sipahi mmoja mpaka puani, akamgeuza. "Nani nachora pua mbaya hivi?" akauliza, akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne iliyofuata walipanga vikosi. Mizinga ya Mfaransa ikapiga. Mugo akarusha dadu, na kwa mazoea tu, kwa ulimi uliokwishajua njia yake, akasema, "Mbili."

Mzee hakusogea. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua dadu bila kuigeuza, akaenda nayo dirishani.

"Hii ni tano," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mugo ilikuwa imefika ukutani.

"Leo tu?"

"Hapana, Mzee."

"Ngapi?"

Angeweza kusema chache. Nadhani hata mzee alitaka aseme chache. "Zote," Mugo akasema.

"Sitini na mbili?"

"Ilikuwa heshima, Mzee. Kwetu hatumpigi mzee nyumbani kwake. Unajua wewe, umezaliwa kule."

Chhotubhai alirudi ubaoni, akaiweka dadu katikati ya uwanda taratibu sana. "Kewal nakuja hapa nasema ndiyo Baba, ndiyo Baba. Daktari nasema vizuri sana. Wote nashika mimi kama yai. Mimi nasema sawa, lakini Jumanne iko mtu moja nakuja kupiga mimi." Akaisukuma dadu mpaka kwa Wafaransa. "Heshima, wewe pea mtu nakufa. Mimi nilikuwa napigana."

Wiki saba zilizofuata hawakucheza. Mzee hakugomba wala hakumshtaki kwa wakala. Hilo lingekuwa nafuu. Alirudi kuwa koti la kufuliwa. Aliinua mkono alipoambiwa, akafungua mdomo alipopewa dawa, na mwisho akasema kwa Kiingereza, "Thank you, very kind." Mugo alibonyeza simu, akatoka, akaenda kukaa kituoni saa mbili pamoja na wala sandwichi. Alipompigia Brigid aliongea juu ya karo na ng'ombe. La dadu hakumwambia. Lilimwaibisha. Na tena angeanzia wapi kumweleza mtu aliyempongeza kwamba kitu kilekile ndicho kilichomfanya apoteze rafiki yake wa pekee katika nchi ile yenye mamilioni ya watu?

Katikati ya Mei, Kewal akapiga simu. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alisema wamepata mnunuzi wa nyumba, Baba atahamia Leicester Jumamosi, wamemtengenezea chumba cha chini, na asante kwa yote. Mugo akamwambia ni vizuri. Ilikuwa vizuri kweli. Mzee wa umri ule anafaa kuwa kwa mwanawe, na Mugo alilikasirikia jambo hilo usiku kucha bila kupata mtu wa kumlaumu.

Jumanne ya mwisho alikuta mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Askari wote mia nane walikuwa mahali pao. Kupanga kule, kwa vidole vile, lazima kulimchukua mzee siku mbili. Alikuwa amesimama kando ya Waingereza wake, amevaa koti la suti juu ya pajama.

"Osha baadaye," akasema. "Leo iko vita. Kila mtu nasoma dadu yake, mwenzake naangalia."

"Sawa, Mzee."

"Mwalimu, sikia mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu Machi. "Mimi nataka kitu moja tu. Piga mimi kweli. Mimi nashinda, sawa. Mimi nashindwa, sawa. Lakini mimi nataka enda Leicester najua kwamba mtu moja alipigana na mimi."

Mugo akabonyeza simu kabla ya wakati, na liwalo liwe, akakunja mikono ya shati.

Alipigana. Nataka hilo liandikwe mahali, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliandika. Alipeleka kikosi cha Lorraine, Wafaransa wake hodari wa miguu, katikati kwa safu nene, kama walivyofanya wenyewe siku ile, na dadu zikampa nne, zikampa tano, na mstari wa makoti mekundu ukapinda. Jasho lilimtoka chini ya macho. Mzee alirusha dadu kwa mikono miwili, akinong'ona kitu cha Kigujarati, akasogeza sipahi wake kuziba pengo. Mara mbili walifikia kugombana juu ya sheria, wakasogeleana uso kwa uso, na hakuna aliyesema samahani. Ilikuwa saa moja bora kuliko zote ambazo Mugo aliishi Uingereza. Alimtaka yule mzee aanguke. Alitaka, kwa roho mbaya safi kabisa, kuichukua ile ngome ya kadibodi.

Ubavuni, kwenye tuta la bwawa, mizinga yake ilikuwa ikiwararua Waingereza. Lakini sheria ya mzee ilisema mizinga ikipiga mara tano huwa imeishiwa, mpaka gari la baruti lifike umbali wa shubiri moja. Mugo akahesabu. Mipigo miwili tu zaidi na ule mstari ungekatika. Akalishika gari la baruti, akalipitisha nyuma ya jeshi lake mbio mbio, akaliweka pale pale nyuma ya tuta. Aliona mizinga. Aliona ngome. Hakuona kingine.

Mzinga mmoja wa Mwingereza ukageuzwa. Mzee akarusha: tano, umelenga. Akarusha tena kwa ajili ya gari, ambalo hulipuka kwa sita peke yake. Dadu ikazunguka kandokando ya bwawa, ikatulia. Sita. Wote wawili waliiona.

Gari likaondolewa ubaoni, na mizinga, na kila aliyekuwa karibu, na sipahi wa Mfaransa wakakimbia kama sheria ilivyosema. Ubavu ukabaki wazi. Mugo hakuacha, alivuta farasi, akamrudisha Lorraine, akapigania kila shubiri kwa nusu saa nyingine. Lakini mtu aliyeshindwa mwaka mmoja na nusu kwa makusudi hajajifunza kitu isipokuwa kushindwa. Hakujua kufunga ubavu. Hakujua askari wa akiba hutumwa lini. Kufika saa nane hakuwa na jeshi.

"Umenipiga, Mzee," akasema, akihema. Alikuwa akicheka. Alinyoosha mkono.

Mzee naye alikuwa akicheka, mkono mmoja kifuani. Aliushika mkono wa Mugo, akautikisa kwa nguvu. Kisha macho yake, yale mapya yanayoona kila kitu, yakaenda kwenye bwawa, yakabaki huko. Kicheko kikapungua.

"Mwalimu. Gari ya baruti, wewe naweka hapo kwa nini?"

"Mizinga ilikuwa imeishiwa."

"Siku ile ya kweli, mwaka wa sitini, gari ya Mfaransa nalipuka wapi?"

"Mzee—"

"Sema. Wewe ni mtu wa historia."

"Kwenye bwawa."

"Kwenye bwawa. Mimi nasema wewe mara ngapi, hapo iko mkosi, usiweke?"

"Nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau. Nilikuwa nataka kushinda, sikuona kitu kingine."

"Mwalimu nasahau." Mzee alilisema bila ukali wowote. Aliuachia mkono wake, akaupigapiga mara mbili kwa juu, kama mtu anavyompigapiga mtoto aliyejaribu kubeba ndoo. "Iko sawa. Iko sawa. Wewe nataka mzee naenda na furaha. Na jasho pia natoka. Nafanya vizuri sana."

"Leo nimepigana, Mzee. Niangalie. Nimepigana na wewe na umenishinda."

Chhotubhai alimwangalia. Alimwangalia muda mrefu, na ilikuwa dhahiri kwamba anataka kuamini. Alitafuta usoni mwa Mugo kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yote. Halafu akachoka.

"Wewe ni mtu mzuri," akasema. "Mimi sina kinyongo. Sasa osha mimi, utachelewa Edgbaston."

Mugo akamwosha. Akamvisha soksi. Akarudi chumba cha mbele, akamsaidia kuwatia askari kwenye trei za mayai zilizotandikwa karatasi, wekundu huku, weupe huku, na mzee alimwelekeza kwa upole, akamshukuru kwa kila trei. Mugo angeweza kuapa mpaka Jumamosi. Machoni pa mzee kila kiapo kingekuwa adabu zaidi.

Kituoni, Stratford Road, mvua nyepesi ilikuwa ikianguka, na Mugo akampigia Brigid. Huko jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alisikia kuku na mtoto wao wa mwisho akisoma kwa sauti.

"Mzee wako anaenda lini?" Brigid akauliza.

"Jumamosi. Leo tumecheza ile ya mwisho."

"Nani ameshinda?"

"Yeye."

Brigid akacheka, kicheko cha mtu anayejivunia mume. "Nilijua tu. Angeendaje na huzuni na wewe uko hapo?"

"Hapana, Brigid. Leo sikumwachia. Nimejaribu kabisa, na nimeshindwa."

Sauti ya Brigid ikaja laini, ile aliyokuwa akiitumia zamani Mugo akirudi na mitihani ya wanafunzi walioanguka. "Najua, Baba Wanja. Najua. Ndiyo maana nakupenda, hata kujisifu hutaki."

Kumweleza kungehitaji kuanzia kwenye dadu ile ya Machi, na wiki saba alizomficha, na uwongo wa mara sitini na mbili ambao Brigid mwenyewe aliupongeza. Basi lilikuwa linakata kona. Mugo akasema asante, akapanda, akaketi karibu na dirisha, akamuuliza kama mvua imeanza kunyesha huko kwao.